Mjomba anaishi mji ambao haupo

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza asubuhi kwenye treni, natoka shifti ya usiku, macho yanafumba yenyewe. Umeuliza mawili. Kwanza, Australia kuna maisha au ni picha tu? Pili, hiyo Footscray ninayoitaja kila siku ni wapi, maana umeitafuta kwenye simu ukaambiwa Jiji la Footscray lilifutwa mwaka 1994, ukacheka: mjomba anaishi mji ambao haupo.

Upo. Mama yako mpaka leo husema "nakwenda manispaa", na manispaa ya Mombasa ilikufa 2013 kaunti zilipoingia. Kilichofutwa huku ni baraza, mtaa umebaki. Footscray iko magharibi ya Melbourne, ng'ambo ya mto Maribyrnong, dakika chache kwa treni kutoka katikati ya jiji. Huko ndiko nilikofikia 2008, na nikikueleza mtaa ule ulivyokuwa, swali lako la kwanza litakuwa limejibika.

Jina wamelitoa Foots Cray, kijiji cha Kent, Uingereza. Wenyewe wa ardhi, watu wa Kulin, hawakuulizwa. Baraza lilianza 1859, na 1891 likapewa hadhi ya jiji. Lililoikuza Footscray ni uchafu wa wengine. Melbourne ilitaka nyama, ngozi, sabuni na mishumaa, ila harufu yake haikuitaka, basi machinjio na viwanda vya ngozi vikapelekwa ng'ambo ya mto, na mto wenyewe ukafanywa mtaro. Unaikumbuka Kibarani ya zamani, lilipokuwa jaa la taka, ukivuka Makupa lazima ufunge dirisha la matatu? Ndivyo ilivyokuwa, miaka na miaka. Watu wa ng'ambo waliibandika jina la utani Stinkopolis, yaani jiji la uvundo. Kuna jiwe jeusi la volkano pia, lililochimbwa hapohapo, na viwanda vya risasi. Kazi ilikuwepo tele, ya mikono, ya kurudi nyumbani unanuka.

Jirani yake ni Sunshine. Usidhani ni jina la jua: ni jina la mashine ya kuvunia ngano iliyotengenezwa hapo na tajiri mmoja, Hugh McKay. Mwaka 1907 jaji Higgins aliamua kwamba kibarua asiye na ujuzi wa kiwanda kile alipwe angalau shilingi saba kwa siku, kiasi cha kumlisha yeye, mke na watoto watatu kama binadamu. Kesi ile ndiyo babu wa mshahara wa chini ninaoula leo. Ila usiwapigie makofi mapema. Mwanamke mfanyakazi hakuhesabiwa katika shilingi saba zile, na mtu mweusi hata bandarini hakutakiwa. Sheria ya uhamiaji ya 1901 ilimpa afisa ruhusa ya kukusomea imla ya maneno 50 kwa lugha ya Ulaya aipendayo. Ungetoka Lamu na Kiingereza chako safi, ungesomewa Kijerumani, ukarudi na meli ileile. Sera hiyo ya kuwakataa wasio Wazungu ilimalizwa kabisa 1973 tu.

Wakaja Wataliano na Wagiriki baada ya vita, kisha Wavietnam baada ya 1975, kisha Wahabeshi, Waeritrea na Wasudani. Kila aliyeshuka alianzia Footscray kwa sababu ilikuwa rahisi na hakuna aliyeigombania. Nilipofika mimi, chumba kilikuwa dola 110 kwa wiki (huku kodi hulipwa kwa wiki, zoea), nyumba ya mbao ya baridi kali, tuko watatu. Nilifagia ofisi usiku, mchana darasani. Wakala mmoja alinikata saa zangu wiki sita mfululizo, nikanyamaza kwa kuogopa viza. Nilikosea, nilikuwa na haki ya kushtaki na sikujua.

Mzee wa Kitaliano jirani yangu ndiye aliyenisimulia habari ya timu. Mpira wao huu si soka, ni ule wa umbo la yai. Mwaka 1989 wakubwa wa ligi walitaka kuichanganya timu ya Footscray na ya Fitzroy kwa sababu ya madeni. Watu wa mtaa wakatoka na ndoo barabarani, senti kwa senti, mpaka timu ikaokoka. Mzee alisema na yeye alishika ndoo. Halafu baraza lilipofikiwa na zamu yake hapakuwa na ndoo. Serikali ya jimbo chini ya Jeff Kennett ilichukua mabaraza 210 ikayakunjakunja mpaka yakabaki 78. Madiwani waliochaguliwa wakarudishwa nyumbani, wakawekwa makamishna wa kuteuliwa. Desemba 1994 Footscray ikaunganishwa na kipande cha Sunshine, na jina jipya likachotwa mtoni: Maribyrnong. Miaka miwili baadaye timu nayo ikavua jina la Footscray, ikajiita Western Bulldogs ipate mashabiki wengi zaidi. Ilipotwaa ubingwa 2016, wa kwanza tangu 1954, mtaa mzima ulijaa watu wakiimba jina la zamani. Mimi pia niliimba, na kanuni za mpira ule sizijui.

Sasa nikuambie ambalo nyumbani sijalisema. Siishi tena Footscray tangu 2017. Viwanda vimefungwa, mto umesafishwa, vijana wenye pesa wameupenda mtaa wetu, maghorofa yameota pale palipokuwa na maghala, na kodi ikatushinda. Tumesukumwa mbali zaidi magharibi. Niko Tarneit, mtaa mpya, nyumba zote pacha, duka la karibu ni safari ya gari. Kila siku treni yangu inapita Sunshine, inapita Footscray, na Jumamosi nashuka kununua bamia na samaki. Mtu akiniuliza naishi wapi, ulimi unasema Footscray. Ni uongo mdogo, nisamehe.

Kuna maisha? Kuna mshahara. Julai 2024 kima cha chini kilikuwa dola 24.10 kwa saa, na kibarua huongezewa robo, ila akiugua halipwi. Hospitali nzuri, polisi hawaombi chai. Lakini mlango utakaofunguliwa kwanza ni uleule wa nyuma waliopitia Wataliano, kazi ya kunuka, na ukishapazoea watu wengine watapaona pazuri.

Wewe ni fundi umeme, si kama mimi niliyekuja na cheti cha biashara. Ufundi wako unatakiwa, lakini huku hushiki waya wa mtu hata siku moja kabla ujuzi wako haujapimwa na idara inayoitwa Trades Recognition Australia, kisha jimbo likupe leseni. Anza hilo ukiwa hukohuko Mombasa, na wakala wa Moi Avenue anayekuahidi viza kwa wiki mbili mpite bila salamu.

Nitumie picha za vyeti vyako, mbele na nyuma, pamoja na barua za kazi zenye tarehe. Na mwambie mama yako pesa ya mwezi huu itachelewa mpaka Alhamisi, nikilipwa.