Kusahihisha insha ya silaha za nyuklia bila kumnyamazisha mwandishi wake

Miaka kadhaa iliyopita nilimrudishia mwanafunzi wangu insha kuhusu kuenea kwa silaha za nyuklia ikiwa imejaa wino mwekundu kila ukurasa: "fafanua", "si kweli", "chanzo kiko wapi?" Baada ya wiki moja aliniletea rasimu ya pili ikiwa safi na fupi, lakini aya ya Afrika Kusini, ambayo ndiyo iliyokuwa na uhai kuliko zote, haikuwamo. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, pale uliandika si kweli, nikaona bora niiondoe."

Jibu lile lilinikaa moyoni kwa muda mrefu. Sentensi niliyoikata ilisema kwamba Afrika Kusini ililazimishwa na Umoja wa Mataifa kuacha mabomu yake. Ni kweli kwamba sentensi hiyo ina kosa, lakini kosa lenyewe lilikuwa mlango wa hoja nzito, nami niliufunga. Leo ningeandika ukingoni: "Mabomu yalibomolewa lini, na mkataba ulitiwa saini lini? Kipi kilitangulia?" Mwanafunzi akifuatilia swali hilo atagundua kwamba serikali ya Rais De Klerk iliyabomoa mabomu sita iliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, mwaka 1991, na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na kwamba dunia ilitangaziwa habari hiyo Machi 1993. Akishapata mfuatano huo, itambidi aeleze mwenyewe kwa nini nchi huamua kuachana na silaha ambayo hakuna mkaguzi aliyekwisha kuiona, na hapo ndipo insha inapoanza kuwa yake.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu, basi, ni kwamba kila mnapokuta kosa la ukweli mjiulize kwanza linabeba nini. Yapo makosa ya kurekebisha kwa mstari mmoja, kama vile tarehe au tahajia. Yapo mengine yanayoangusha hoja nzima, na hayo yanastahili maelezo kamili. Mfano ninaokutana nao mara nyingi ni mwanafunzi anayedhani kwamba kila nchi yenye kinu cha nyuklia inatengeneza bomu. Hapa swali peke yake halitoshi. Ninamwandikia kwamba vinu vingi vya umeme hutumia urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa kiwango cha atomi zake zinazopasuka kwa urahisi (urani-235), hadi asilimia 3 hadi 5, ilhali ya silaha hufikia takriban asilimia 90, kisha ninamwomba aeleze kwa nini mitambo ileile ya kurutubisha inaweza kufanya kazi zote mbili. Bila kulielewa jambo hilo, hawezi kuelewa kwa nini wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lenye makao yake Vienna, wanahangaika na mashine za nchi ambayo haina hata bomu moja.

Kuhusu hasira, naomba tuwe waangalifu. Wanafunzi wetu huandika kwa uchungu kwamba mkataba huohuo, wa mwaka 1968, uliziachia nchi tano silaha zake na kuzikataza nyingine zote, na baadhi ya walimu huwaambia wapunguze ukali. Mimi siwaambii hivyo, kwa kuwa uchungu huo una msingi. Ninawaelekeza kwenye Ibara ya 6, ambayo inazitaka nchi wanachama, zikiwemo hizo tano, kufanya mazungumzo ya nia njema kuhusu kupokonyana silaha, na ninawaomba walinganishe ahadi hiyo na yaliyotendeka. Na anayeandika kwamba suala hili haliihusu Afrika, ninamuuliza tu sehemu kubwa ya urani ya mpango wa Marekani wa kuunda bomu ilichimbwa wapi, ili aufikie mwenyewe mgodi wa Shinkolobwe, kule Katanga nchini Kongo.

Yule mwanafunzi nilimwomba airudishe aya yake. Rasimu ya tatu ilisema: "Afrika Kusini ilibomoa kwanza, ikatia saini baadaye, kwa hiyo mkataba haukuwa chanzo cha uamuzi wake." Safari hii niliandika kwa penseli, chini kabisa ya ukurasa, swali moja tu: "Je, Ukraine ya mwaka 1994, iliyokubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwake Umoja wa Kisovieti uliposambaratika, inaiunga mkono hoja yako au inaipinga?"