Maswali ya wasomaji: Naitrojeni kwenye shamba lisilotifuliwa

Msimu huu sikutifua shamba. Nimepanda kwa vishimo na kuacha mabua juu. Mahindi yana wiki 3, yanageuka njano. Nimeharibu udongo?

Hujauharibu. Bakteria na kuvu wanaoozesha mabua hutaka sehemu 1 ya naitrojeni kwa kila sehemu 24 hivi za kaboni, na mabua ya mahindi yana kaboni sehemu 60 au zaidi kwa 1. Pengo hilo wanaliziba kwa kuchota naitrojeni ya udongo, tena wanauwahi mche wako. Na kwa kuwa hukutifua, mboji haikupata hewa nyingi, hivyo inaachia naitrojeni polepole. Vijidudu hivyo vikifa itarudi, lakini mahindi hayangoji. Chunguza jani la chini kabisa: njano ya naitrojeni huanzia nchani ikafuata uti wa jani, umbo la V. Yakipauka majani machanga ya juu, shuku salfa. Kama ni naitrojeni, weka mbolea ya kukuzia sasa hivi. Mwakani usisahau mbolea ya kupandia. Hapo ndipo watu wengi huangukia katika kilimo hiki cha kutotifua.

Naweza kurusha urea juu ya matandazo?

Tafadhali usirushe. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na mabua yana kimeng'enya kinachoigeuza urea kuwa amonia. Umande wa asubuhi ukiiyeyusha, jua likawaka bila mvua, gesi hiyo inapaa na hela yako. Sogeza matandazo, toboa kishimo cha vidole vitatu kando ya shina, fukia, rudisha matandazo. Ukikosa wa kukusaidia kufukia, tumia CAN (mbolea nyingine ya naitrojeni, kalsiamu amonia naitreti), haipotei hewani kiasi hicho.

Nitaongeza mbolea hivi miaka yote?

La. Mboji ikijengeka misimu kadhaa, udongo wenyewe utaanza kulisha mahindi. Harakisha kwa kuchanganya ngwara au mbaazi: majani yake huoza upesi na kuacha naitrojeni. Ila ukivuna mbegu na kung'oa mashina yote kwenda nyumbani, umeibeba karibu yote.

Ng'ombe wa jirani wanamaliza mabua kiangazi.

Hilo linanisumbua kuliko mbolea. Pasipo matandazo, kuacha kutifua hukuletea udongo mgumu na mavuno haba. Kaeni na wafugaji kabla ya mavuno, mkubaliane wapate sehemu ya mabua na nyingine ibaki shambani.