Ukiambiwa upulize: maneno kwa shofere mpya wa Lubumbashi

Wadogo zangu mnaoshika usukani mwaka huu, hasa mnaoajiriwa na kampuni za kubeba mizigo ya Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa: mtafundishwa breki, mtafundishwa kufunga turubai, mtafundishwa karatasi za mpaka. Kuhusu pombe mtaambiwa neno moja tu, usinywe, kisha mkutano utafungwa. Neno hilo ni sahihi na mimi nalishikilia. Lakini halitoshi. Siku ya kusimamishwa inamfikia hata asiyekunywa, na shofere asiyejua mashine inapima nini wala karatasi inaandikwa nini anaweza kumwaga unga akiwa na akili zake timamu. Na katika wale waliokunywa kweli, wengi hawaangushwi na pombe ya njiani. Wanaangushwa na pombe ya jana.

Tupige hesabu. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye asilimia 5, ina karibu gramu 28 za pombe tupu. Mwili wa mwanaume wa kilo 70 unaondoa kama gramu 7 kwa saa, na hakuna kinachouharakisha: si kahawa, si kuoga maji baridi, si kulala. Bukari (ugali) ukila kabla inachelewesha pombe kuingia, lakini ikishaingia haiitoi. Kwa hiyo kila chupa kubwa inadai saa nne. Mtu aliyekaa kwenye baa za mtaa wa Kamalondo tangu saa mbili usiku, akanywa chupa tatu na kurudi nyumbani saa sita, mwili wake utakuwa safi mnamo saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri, basi la kampuni linapompitia, bado ana kama gramu 0.4 kwa kila lita ya damu. Amelala, amepiga mswaki, anajisikia mzima kabisa, na ndiyo maana anabisha mbele ya mashine kwa moyo mweupe. Mwenye mwili mdogo anachelewa zaidi. Wanawake pia kwa kawaida huchelewa zaidi kwa kiasi kilekile cha pombe. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, usiiingize kabisa katika hesabu hii, maana hakuna ajuaye nguvu ya kilichomo ndani ya chupa ile.

Kipimo cha kwanza mtakachokutana nacho hakitakuwa cha polisi. Kitakuwa cha geti la mgodi, na huko mara nyingi wanataka 0.00. Pale hushughulikii sheria ya barabara, unashughulikia kanuni ya kazi uliyotia saini, na kukataa kupuliza huchukuliwa sawa na kufeli. Puliza. Ila angalia kwa macho yako: kimdomo cha plastiki kitolewe kwenye mfuko wake mbele yako, mashine isome sifuri kabla hujapuliza, upulize pumzi moja ndefu isiyokatika mpaka mashine ilie. Ukivuta na kuachia vipande vipande, itakataa, na mlinzi atafikiri unacheza.

Kabla hujapuliza, sema kama umetoka kunywa dawa ya kikohozi, kusukutua kwa dawa ya mdomo au kunywa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Munkoyo wa leo si sawa na wa juzi. Ukikaa unachachuka, na shofere wengi wanaubeba kwenye chupa kama maji. Mabaki ya pombe mdomoni yanaweza kupandisha namba juu sana, nayo hushuka yenyewe kwa dakika 15 hivi. Kwa hiyo omba ukae dakika 15 bila kula, kunywa wala kuvuta sigara, kisha upulize mara ya pili. Ombi hilo halina kiburi ndani yake. Mpimaji anayejua kazi anafanya hivyo bila kuombwa. Mabaki ya mdomoni yataondoka. Pombe ya damu haitaondoka kwa dakika 15, kwa hiyo ombi hili linamsaidia mkweli peke yake.

Uliza pia namba ile inahesabiwa kwa nini. Hapa nimeona watu wengi wakitishwa bure, na wengine wakifarijika bure. Mashine nyingine zinaonyesha miligramu kwa lita ya pumzi, nyingine zinageuza kuwa gramu kwa lita ya damu, na tofauti yake ni kama mara mbili: 0.25 ya pumzi ni karibu 0.5 ya damu. Anayeandika ripoti aandike namba pamoja na kipimo chake, saa, na nambari ya mashine. Ripoti iliyoandikwa "alikuwa amelewa" peke yake haina uzito, iite kwa jina lake: ni maoni. Mwajiri akitaka kukufukuza kwa kosa zito, sheria ya kazi ya Kongo nambari 015/2002 inamtaka akuandikie ndani ya siku 15 za kazi tangu alipolijua kosa. Mtafute delege wa sendika (mjumbe wa chama cha wafanyakazi) siku hiyohiyo, usingoje barua.

Sasa barabarani. Sheria ya barabara ya 1978, nambari 78-022, ndiyo inayotawala hapa kwetu, na kuendesha umelewa ni kosa. Lakini ndani ya Lubumbashi, kwenye mizunguko ya mtaa wa Kenya au ukitoka kuelekea barabara ya Likasi, mara nyingi askari wa trafiki hana mashine yoyote. Ana pua na macho. Atakwambia macho yako ni mekundu. Shofere aliyeshuka kutoka Kolwezi usiku kucha, vumbi tupu, macho yake yatakuwa na rangi gani?

Fanya hivi. Egesha pembeni, zima injini, washa taa za dharura, shusha kioo, mikono ionekane. Msalimu kwanza: "Jambo, shefu." Toa permi (leseni ya udereva) na karatasi za gari ukiombwa. Akisema umelewa, usiseme "mimi silewi hata nikinywa," maneno ninayoyasikia kila mara na ambayo ni kukiri kosa kabla ya kuulizwa. Sema: "Shefu, naomba nipimwe, na iandikwe kwamba nimeomba." Sauti ya kawaida, mara moja au mbili, basi. Boi-shofere wako, yaani msaidizi wako, akae kimya. Ugomvi mwingi ninaoujua ulianzishwa na mtu wa kiti cha pili. Kama kuna faini, faini halali ina karatasi na inaingia kwenye hesabu ya Serikali. Ile isiyo na karatasi haikufungii kesi, inakufungulia nyingine kesho mbele ya askari yuleyule.

Mwenye sukari aseme mapema kwamba ana sukari. Sukari ikishuka sana mtu anayumba, ulimi unakuwa mzito, anatoka jasho na kujibu ovyo. Kwa macho huwezi kumtofautisha na mlevi, na akifungiwa kasho (mahabusu) badala ya kupewa kitu kitamu anaweza kufa. Beba kadi ya hospitali pamoja na permi, na boi-shofere ajue.

Ukipelekwa ofisini, hapo ndipo Katiba ya 18 Februari 2006 inakusimamia, na kifungu cha 18 ningependa kila shofere akijue kama anavyojua nambari ya gari lake. Aliyekamatwa anaelezwa papo hapo sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Kiswahili ni lugha ya taifa, kwa hiyo usione haya kusema: "Naomba nielezwe kwa Kiswahili." Una haki ya kuwasiliana mara moja na familia yako au wakili wako. Kushikiliwa na polisi hakuwezi kupita saa 48. Zikiisha, uachiliwe au upelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Kifungu cha 19 kinakupa haki ya kusaidiwa na mtetezi unayemchagua tangu uchunguzi wa polisi, siyo mpaka siku ya mahakama. Na kifungu cha 17 kinasema unahesabiwa huna hatia mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe kosa.

Pe-ve, yaani karatasi ya maelezo ya polisi, itaandikwa kwa Kifaransa. Usitie saini usichoelewa. Omba isomwe na ielezwe, taratibu, na kama wameandika ulikiri jambo ambalo hukukiri, omba lirekebishwe kabla ya kalamu yako kugusa karatasi. Angalia saa ya kukamatwa imeandikwa. Saa 48 zinahesabiwa kutoka mahali fulani, na mahali hapo pawe kwenye karatasi. Mpigie mtu wa nyumbani umwambie uko ofisi gani na umefika saa ngapi. Hilo peke yake limewatoa watu wengi.

Niseme neno kuhusu video zinazotumwa na ndugu zetu walioko Marekani. Mmeziona: dereva anatembea hatua tisa kisigino kwa kidole kwenye mstari, anageuka, anarudi, anainua mguu mmoja na kuhesabu sekunde 30, anafuata kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa. Kule, majimbo mengi yanamruhusu dereva kukataa majaribio hayo ya viungo. Lakini baada ya kukamatwa, kukataa kipimo rasmi cha pumzi au damu kwa kawaida kunamnyang'anya leseni kwa muda, hata mahakama ikimkuta hana kosa. Watu wanatazama nusu ya kwanza ya video, kisha wanakuja kumfokea askari wa mtaa wetu wa Katuba kwamba "nina haki ya kukataa." Haki ya kule ni ya kule. Ndugu yako anayehamia huko mwambie mambo yote mawili pamoja.

Kwa mnaopangiwa safari ndefu za kusini kupitia Kasumbalesa, jueni kwamba kila nchi ina kiwango chake cha pombe, na Afrika Kusini hawamhesabu shofere wa kazi sawa na mtu wa gari dogo. Dereva wa kawaida kiwango chake ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu. Mwenye kibali cha udereva wa kazi ni 0.02, na kwa pumzi ni miligramu 0.10 kwa lita badala ya 0.24. Yule mtu wetu wa chupa tatu, mwenye gramu 0.4 kwa lita alfajiri, angekuwa na 0.04 kwa mililita 100: halali kwenye gari lake la nyumbani, mhalifu kwenye lori. Huruhusiwi kukataa kutoa pumzi wala damu. Damu inatolewa na mhudumu wa afya, si askari, nao hufanya haraka kwa sababu ile iliyotolewa ndani ya saa mbili ndiyo yenye nguvu mahakamani. Una haki ya kunyamaza, haki ya wakili, haki ya kuonwa na daktari unayemchagua. Jina la daktari na simu ya wakili wa kampuni viulizwe ofisini kabla ya kuondoka Lubumbashi, viandikwe kwenye karatasi, na karatasi ikae mfukoni, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kinachochukuliwa.