Indiketa ya upande mmoja kuwaka harakaharaka

Kaka, usinunue flasha (kile kifaa kinachofanya indiketa iwake na kuzima) kwanza. Umesema indiketa ya kushoto ya Noah yako inawaka harakaharaka, ya kulia iko sawa, na fundi wa Nyakato anataka akubadilishie flasha. Flasha ni moja kwa pande zote mbili. Ingekuwa mbovu, kulia nako kungesumbua.

Flasha ya kielektroniki hupima umeme unaopita. Balbu ya mbele na ya nyuma zikiwa za wati 21 kila moja, kwa volti 12 zinavuta pamoja ampea 3.5 hivi. Moja ikiungua umeme unashuka nusu, na flasha inaongeza kasi makusudi ili dereva ashtuke. Kwa hiyo washa hazadi (indiketa zote kwa pamoja), zunguka gari, tazama ipi haiwaki. Ikiwa ya nyuma, chomoa balbu uchungulie soketi. Gari linalobeba samaki wa soko la Mwaloni Kirumba, kama lako, halikosi maji ya barafu huko nyuma, na ile kutu ya kijani inatosha kukata umeme. Zima taa, isugue kwa msasa laini.

Ila kama uliweka balbu za LED, zinavuta umeme kidogo mno, na flasha inadhani balbu imeungua. Hapo ndipo utahitaji flasha ya LED, na uliza bei kabla fundi hajagusa dashibodi.