Mfarishi wa Vitenge kwa Cherehani ya Nyumbani: Vifaa Vinavyostahili Pesa Yako

Wanaoanza kushona mifarishi huniuliza kwanza wanunue cherehani gani. Jibu langu ni fupi: tumia uliyonayo. Ile nyeusi ya kukanyaga, Butterfly au Singer ya zamani, inadarizi mfarishi wa kitanda cha sita kwa sita, yaani inashona matabaka yake pamoja, vizuri tu, mradi hairukishi mishono. Pesa iweke kwenye vifaa vidogo vya pembeni, maana ndivyo vinavyoamua kama mfarishi utatulia kitandani au utajaa mikunjo.

Mfarishi una matabaka matatu: juu vipande vya vitenge vilivyoungwa, katikati pamba au blanketi jepesi, chini kitambaa cha mgongo. Meno ya cherehani yanavuta tabaka la chini, na mguu, kile chuma kinachobana kitambaa chini ya sindano, unakandamiza la juu. Kwa hiyo la chini linatangulia na la juu linachelewa kidogo katika kila mshono. Kwenye pindo la gauni huoni tofauti. Kwenye mstari wa futi sita, ule uchelewaji mdogo unajikusanya mpaka kitambaa cha juu kinavimba mbele ya mguu, kisha kinajikunja na kushonewa hivyo hivyo. Karibu kila kifaa nitakachokitaja hapa kinapigana na jambo hilo moja.

Cha kwanza, na kama pesa inatosha kimoja tu basi kiwe hiki, ni mguu wa kutembea. Ni mguu mnene kuliko wa kawaida, una meno yake yenyewe kwa chini, na ubavuni una mkono mdogo wenye uma unaokaa juu ya skrubu ya kubania sindano. Sindano inapopanda na kushuka, mkono huo unafuata, na meno ya juu yanasogeza kitambaa pamoja na yale ya chini. Tofauti utaiona kwenye mstari wa kwanza. Dukani onyesha picha kwenye simu, utaeleweka haraka kuliko kueleza. Ila kabla hujatoka nyumbani pima cherehani yako: teremsha mguu uliopo, kisha pima kutoka kwenye bati la chini hadi katikati ya skrubu inayoushikilia. Ukipata kati ya nusu inchi na robo tatu, shingo, yaani nguzo inayofungwa mguu, ni fupi. Ukipata inchi moja au zaidi, ni ndefu. Mguu wa shingo fupi haukai kwenye shingo ndefu, na muuzaji asiyejua atakuambia unakaa. Ukishaufunga, weka mshono mrefu kidogo, minane hadi kumi kwa inchi, na usirudi nyuma, kwa sababu mguu huu haukutengenezwa kwa kurudi nyuma. Kufunga uzi, anza na umalize kwa mishono mifupi sana.

Kwa mistari iliyonyooka hicho kinatosha, na mimi kwenye kitenge chenye maua makubwa napendelea mistari tu, kwa sababu chapa yenyewe ina mengi ya kuangaliwa. Ukitaka kuchora mawimbi au majani, utahitaji mguu mwingine, ule mwepesi wenye kiduara na springi, na meno ya cherehani lazima yasiguse kitambaa. Baadhi ya cherehani zina kitufe cha kuyashusha. Isiyo nacho, chukua kadi ngumu, toboa tundu la sindano, kisha igandishe juu ya meno kwa selotepu. Hapo mikono yako ndiyo inayosogeza kitambaa na ndiyo inayoamua urefu wa mshono. Cherehani ya kukanyaga inaiweza sana kazi hii, kwani mikono yote miwili iko huru na mwendo unauamua mwenyewe kwa miguu. Ya kuzungusha kwa mkono itakusumbua, mkono mmoja hautoshi kuongoza mfarishi.

Meza nayo wengi huidharau. Mfarishi ukining'inia pembeni ya meza, uzito wake unavuta sindano, mishono inatoka mingine mifupi mingine mirefu, na sindano inakatika. Sukuma cherehani kwenye kona ya chumba ili ukuta uzuie mfarishi usianguke nyuma, na kushoto kwako weka meza au stuli mbili zenye ubao zibebe uzito. Wenye cherehani iliyozama ndani ya meza yake mna bahati, uso wote uko sawa. Wenye ya umeme ya kubeba, tafuteni lile bonge jeupe la povu linalokuja na friji au televisheni, mlikate kimo sawa na kitanda cha cherehani, mtoe nafasi ya kuizunguka, na mlifunike kwa karatasi ya nailoni inayoteleza. Ni nyepesi, ni bure, na inafanya kazi ya meza ya kuongezea ya dukani.

Glavu usinunue za ushonaji. Duka la vifaa vya ujenzi lina glavu za kitambaa zilizochovywa mpira kwenye vidole. Chagua saizi ndogo inayobana. Zinashika kitambaa bila wewe kukigandamiza, na mabega yatakushukuru jioni.

Sasa pini. Kabla ya kushona, mgongo utandaze sakafuni, upande wake mzuri ukiangalia chini, ubandike kwa selotepu pembe zote, unyooke lakini usivutike. Uache uzidi inchi 3 au 4 kila upande. Juu yake weka pamba, halafu vitenge, ukilainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Wengine hupiga bandi, mishono mirefu ya muda, kwa mkono, na ni njia nzuri, ila uzi wa bandi hunaswa kwenye mguu. Mimi natumia pini za kufunga, zile za nepi, kila penye upana wa kiganja. Nunua nyingi kuliko unavyodhani zitatosha. Na kwa sisi wa pwani: usiache mfarishi na pini zake wiki nzima. Unyevu wa Dar unatia pini kutu, na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe halitoki kirahisi. Mistari nayo ianzie katikati ya mfarishi iende ukingoni. Masidi wa Karnataka kule India, watu wenye asili ya Afrika, wana mfarishi wao uitwao kawandi ambao huanzia ukingoni kuingia ndani, na unapendeza ajabu. Lakini wao wanashona kwa mkono, vidole vinalainisha kitambaa kila hatua. Kwa cherehani, ukianzia ukingoni unaifungia ziada yote katikati na haina pa kutokea.

Sindano: kwa vitenge na pamba nyepesi tumia namba 14, ukichanganya na jinzi panda 16. Soma pakiti. Cherehani za nyumbani hutumia HAx1, yenye ubavu mmoja bapa; DBx1 ni ya mashine za kiwandani na shina lake ni mviringo. Mfarishi mpya, sindano mpya. Uzi wa koni wa poliesta 40/2 unafaa na haukatiki ovyo, ila koni ni kubwa kwa kijiti cha cherehani. Isimamishe ndani ya kikombe nyuma ya cherehani, uzi upande moja kwa moja juu kupitia kitanzi cha waya ndipo uingie kwenye cherehani. Jaza bobini kadhaa kabla hujaanza, kudarizi kunakula uzi. Na kila unapobadilisha bobini, toa vumbi la nyuzi kwa brashi, kisha tone la mafuta.

Kisu cha gurudumu cha milimita 45, mkeka wake na rula ya plastiki vinaharakisha kukata, lakini si vya kuanzia. Vinunue vyote vitatu kwa pamoja au usinunue kabisa, kwa sababu kisu hicho bila mkeka kinaharibu meza na bila rula nene kinakata vidole. Mkasi mkali na kigezo cha boksi gumu vinakutosha. Muhimu zaidi ni pasi, na kipande cha selotepu ya karatasi kilichobandikwa robo inchi kutoka kwenye sindano ili viungo vyote vilingane.

Mabaki ya vitenge waombe mafundi wa mtaani kwako, wengi wanatupa. Yafue yote kwanza, tena yenye rangi nyekundu na buluu iliyokoza yafue peke yake mpaka maji yatoke safi. Kwa katikati, joto la Dar linataka shuka kuukuu la pamba au flaneli. Ukimshonea mtu wa kwenye baridi, Njombe au Makete, blanketi la mtumba la manyoya mafupi ndilo zuri: halikwanyuki, halihami, na linakauka haraka.