Re: Nitajuaje nani anasoma kweli na nani amekariri?

Mwl mwenzangu, umeuliza utawapimaje watoto 90 wa darasa la 3 wakati wakisoma kwa pamoja wote wanaonekana wanajua. Kwanza achana na kitabu chao cha darasani, wengi washakikariri wanafuata picha tu. Fanya kama wale wa Uwezo, utafiti wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, wanaopita majumbani, mtoto mmoja mmoja, pembeni, na kisomo cha kiwango cha darasa la 2 ambacho hajawahi kukiona. Mi huanzia aya, akisoma bila kukwama sana nampa hadithi, akishindwa nashuka kwenye maneno, akishindwa tena silabi, pale anapomudu ndo kiwango chake, haijalishi yuko darasa gani. Alafu usisahau maswali mawili ya ufahamu, maana kuna watoto wanasoma kama maji ila ukiuliza nani alienda sokoni anakutolea macho! Hao ndo wananiumiza roho kwelikweli. Chukua kumi kwa siku wengine wakifanya zoezi, dk 3 kila mmoja, wiki mbili umemaliza. Na usimpime mbele ya wenzake tafadhali, mwenye aibu atanyamaza utaandika hajui kumbe anajua.