Rafiki kazima baada ya pombe na bangi: jibu langu

Mkuu, nimelisoma swali lako lote. Umesema mna miaka ishirini na kidogo, mnaanza na pombe halafu msokoto unazunguka, na juzi mwenzenu alizima akiwa ameketi. Mkamfunika shuka mkamwacha "bangi imtoke", asubuhi akaamka mzima. Unauliza kama shida ni kuchanganya au ni yeye tu hajazoea, na kama aache vyote kwa mkupuo maana siku hizi anatumia kila siku.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Nitakujibu kwa ninayoyaona kule.

Kilichonishtua ni hayo maneno yako, "bangi imtoke". Nayasikia sana mlangoni. Vijana wanamleta mwenzao, huyu kashika mabega, yule miguu, na anayetangulia kusema husema, "Nesi, hajanywa sana, ni bangi tu, kavuta nyingi." Hawadanganyi, ndivyo wanavyoamini. Lakini kwa kuwa wameamini hivyo usiku kucha, hakuna aliyekuwa akikumbuka chupa, na hakuna aliyemtazama anavyopumua. Bangi peke yake ni nadra sana kumkata mtu mzima pumzi, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji ina vipokezi vichache vya kuipokea. Pombe ndiyo inayolegeza upumuaji ikizidi, na inaweza kuusimamisha kabisa. Kwa hiyo mnailaumu bangi, kumbe kinachomlaza ni kile cha kwenye glasi.

Sasa tuje kwenye kuchanganya kwenyewe. Watafiti waliwanywesha watu pombe kabla ya kuwavutisha bangi, wakapima damu, wakakuta THC, ile kemikali inayopandisha stimu, imepanda juu kuliko walipovuta bila pombe. Yaani mtu anavuta kile kile alichozoea, mwili unapokea zaidi. Ghafla uso unapauka, jasho la baridi linamtoka, akisimama presha inashuka anayumba, anaanza kutapika. Hali hiyo mara nyingi hupita yenyewe baada ya saa chache. Ubaya ni kwamba mtu aliyezidiwa na pombe naye huonekana vivyo hivyo. Mimi na uzoefu wangu wote siwezi kumwangalia tu nikakwambia ni kipi kati ya hivyo viwili, sembuse nyinyi mliokunywa pamoja naye.

Halafu kuna suala la kutapika, ambalo watu hawalifikirii. THC hutuliza kichefuchefu. Marekani iliidhinisha dawa yake tangu 1985 kwa wagonjwa wa saratani wanaotapishwa na matibabu. Kwa mgonjwa yule ni nafuu. Kwa mnywaji, kichefuchefu ndicho kinachomwambia tumbo limekataa, na kutapika kunaitoa pombe ambayo bado haijaingia kwenye damu. Kichefuchefu kikitulizwa, anaweza kuendelea kunywa akijiona yuko sawa. Na akitapika akiwa amelala chali, hajitambui, matapishi yanaingia kwenye njia ya hewa. Hilo huua hata mtu ambaye kiwango chake cha pombe kisingemuua.

Jambo jingine: kuzima hakumaanishi pombe imefika mwisho. Aliyoinywa mwishoni bado iko tumboni, inaendelea kuingia kwenye damu huku yeye kalala, kwa hiyo anaweza kuwa mbaya zaidi saa moja baada ya kumfunika shuka. Ini huondoa takribani kipimo kimoja cha kinywaji kwa saa, na hakuna kinacholiharakisha. Kahawa haiharakishi. Maji ya baridi hayaharakishi, na aliyelegea bafuni anaanguka au anapoteza joto la mwili.

Nikipokea mtu wa namna hiyo, namwita kwa jina kwa sauti, kisha namsugua kwa nguvu katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Inauma, na lengo ni hilo. Mlevi aliyesinzia atanisukuma mkono au atatukana, nami nafurahi akitukana. Asiyefanya lolote ndiye wa kukimbizana naye. Halafu naweka kiganja kifuani, natazama saa, nahesabu pumzi kwa dakika nzima. Sihesabu nusu dakika nikazidisha, kwa sababu pumzi zao hazina mpangilio: tatu za haraka, kisha kimya kirefu. Hata wewe unaweza kuhesabu hivyo sebuleni. Zikiwa chini ya nane kwa dakika, au kukipita sekunde kumi bila pumzi, au midomo na kucha zikageuka bluu, ngozi ikawa ya baridi na chepechepe, akapata degedege au asiamke kabisa, hiyo ni hospitali wakati huo huo. Usisubiri dalili zote zitimie, moja inatosha. Wakati mnasubiri usafiri mlazeni ubavu, goti la juu likunjwe lisimruhusu kugeuka, mdomo uelekee chini, na mmoja akae naye. Mkoromo mzito wenye kububujika msiuchukulie kuwa usingizi mzuri.

Mkifika, semeni yote. Alikunywa nini, kiasi gani, alivuta au alikula, saa ngapi, na kama kameza vidonge vyovyote, hasa vya usingizi au vya maumivu makali, maana hivyo vikikutana na pombe huua upesi. Nikiuliza, nauliza ili nitibu.

Nimesema alivuta au alikula, kwa sababu keki na biskuti za bangi zina balaa lake. Moshi unapanda ndani ya dakika chache. Ya kula inaweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili. Katika kusubiri hapo mtu anasema haijashika, anaongeza kipande, anaongeza na glasi. Vyote vinakuja kumshukia kwa pamoja.

Kuhusu kuzoea: kuzoea kunakupunguzia kuhisi, hakupunguzi pombe iliyomo kwenye damu. Na wakubwa wanaosema enzi zao walivuta na hawakudhurika, hawakuvuta hii ya leo. Sampuli za bangi zilizokamatwa Marekani zilikuwa na THC wastani wa asilimia 4 hivi mwaka 1995. Kufikia 2014 ilikuwa kama 12.

Kuendesha gari au pikipiki mkiwa na vyote viwili, hata kidogo kidogo, msithubutu. Kila kimoja kinaharibu uendeshaji, na vikikutana uharibifu unajumlishana.

Sasa la kuacha kwa mkupuo. Bangi anaweza kuiacha hata leo. Atakuwa na hasira za karibu, usingizi utamsumbua, hamu ya kula itapungua, na kwa wengi hayo hupungua sana ndani ya wiki mbili. Pombe ya kila siku ni habari nyingine. Mwili ulioizoea ukinyimwa ghafla unaweza kutoa degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, na wapo wanaofariki. Halafu angalia asije akaacha kimoja akakifidia kwa kingine. Nimewaona wengi walioacha kuvuta, chupa zikaongezeka.

Kaa naye akiwa hajalewa, umuulize kama asubuhi mikono humtetemeka au hutoka jasho mpaka anywe kidogo. Akisema ndiyo, asiache peke yake nyumbani. Mpeleke kwa daktari kwanza, apewe dawa za kumvusha siku hizo za mwanzo akiwa chini ya uangalizi, na ikiwezekana uingie naye.